Melania Alivyoliteka Neno la Kizungu

"Sitii sahihi," akanena Mzee Mwinshehe kutoka upande wake wa ua wa matete, "wala wino wangu hautashuka juu ya uongo, hata kama uongo wenyewe umeletwa na jirani."

"Uongo upi, Mzee?" akajibu Melania kutoka upande wa pili, fomu mkononi, kanga kiunoni. "Umeulizwa neno moja tu. Andika ndiyo, andika jina, tuagane. Mbona barua ya kuuza mbuzi wa Bonifasi uliitia sahihi bila hata kumwona mbuzi?"

"Mbuzi hakusemwa kuwa ana moyo."

Sogeeni basi, enyi wenye masikio na wenye makalio ya kutulia. Aliye Mwanga na aache cherehani, aliye Ujiji na afunike bao, na mwenye chungu jikoni apunguze kuni, kwa maana inasimuliwa habari ya vita vilivyopiganwa Katubuka siku ya Alhamisi, tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, vita ambavyo damu haikumwagika ila ya mbu, na mateka wake akawa neno moja la Kizungu. Nawe Umbeya, mama wa habari zote, wewe ujuaye mimba kabla ya mwenye mimba na talaka kabla ya kadhi, shuka, keti mkekani, utie pilipili pale ambapo ukweli umepoa.

Melania binti Adolf, Mama Esther kwa majirani na Karai la Moto kwa wale waliowahi kumjibu, alikuwa mkaanga dagaa asiye na mpinzani kutoka Katubuka hadi soko la Mwanga. Ulimi wake ulikuwa mkuki wenye ncha mbili, na kicheko chake kiliwaamsha watoto wa nyumba ya tatu. Lakini ziwa lilipofungwa ili samaki wapumzike na kuzaana, dagaa wa Tanganyika wakapewa likizo ya miezi mitatu ambayo binadamu wengi hufa bila kuionja, na karai la Melania likapoa, na watoto wake watatu wakaanza kumtazama kama watu wanavyomtazama fundi aliyefungua redio na kusahau namna ya kuifunga.

Ndipo habari zikafika kwamba kule Bangwe, kando ya maji, ipo nyumba ya kutunzia wazee, nayo inatafuta mwanamke wa kuwaogesha, kuwalisha na kuvumilia hadithi zao. Mshahara wa kila mwezi, samaki walale au waamke. Fomu mwisho Alhamisi saa nane mchana, na asiyewahi asilie.

Melania akaivamia fomu ile kama jeshi livamialo nchi isiyo na walinzi. Jina likatekwa asubuhi ile ile. Umri ukajisalimisha, baada ya kupokonywa miaka miwili. Anwani ikaanguka bila kurusha mshale. Akasonga mbele, kipengele baada ya kipengele, mpaka alipofika cha saba, na hapo akaikuta ngome. Kwa maana kipengele cha saba kilitaka shahidi, jirani wa miaka mitano au zaidi, asiye ndugu, ajuaye Kiingereza, aseme kama mwombaji ni mtu compassionate. Kisha kikaacha mistari minne mitupu, ili shahidi huyo aandike jambo moja alilolishuhudia kwa macho yake.

Na katika uchochoro wote ule, kutoka kwa fundi cherehani hadi kwenye bomba la maji, jirani mwenye Kiingereza alikuwa mmoja tu: Mzee Mwinshehe, balozi wa nyumba kumi, Mwenye Kalamu Mbili, aliyeandika mizigo bandarini kwa miaka thelathini na moja bila kukosea gunia. Kalamu ya buluu ilikuwa kwa mambo ya dunia, na nyekundu kwa makosa ya watu, na nyekundu ndiyo iliyokwisha upesi. Kamusi yake aliifunga kwa mpira wa baiskeli, isije ikafunguka ovyo na kupoteza maneno.

Sasa mjue kwamba kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na vita vya miaka mitatu, viitwavyo Vita vya Moshi. Melania alikaanga, upepo wa ziwani ukabeba, na kanzu za Ijumaa za Mzee, nyeupe kama maziwa, zikanuka dagaa hata waliosali naye safu moja wakatoka msikitini na njaa. Mzee akalalamika. Melania akamjibu kuwa upepo haukuolewa naye. Tangu siku hiyo mke wa Mzee, Bi Mwamini, hakumsalimu Melania hata kwa kukohoa.

"Basi nieleze, Mzee," Melania akasema, akishusha sauti kama mtu ashushaye bendera nusu. "Neno lenyewe lina nini cha kuogopwa? Nimeambiwa ni huruma tu."

Kufikia hapo baraza lilikwisha kukusanyika, kwani katika uchochoro ule ugomvi ulikuwa mali ya umma. Alikuwapo Shadia msusi, Mnara wa Habari, rafiki wa Melania tangu ujana, ambaye siri ikiingia kwake Katubuka saa nne, saa tano imekwisha kufika Ujiji na kuanza kunenepa. Alikuwapo Bonifasi muuza mkaa, mwenye yule mbuzi. Na alikuwapo Petero Nduwayo, dereva wa bodaboda, aliyekuja kutoka Burundi akiwa mtoto wa mgongoni, mtu mpole, maarufu kwa kupiga pasi suruali hata ya kuoshea pikipiki.

Mzee Mwinshehe akajikohoza, akaitoa kamusi, akaifungua kwa vidole viwili kama anayemfungua mtoto nepi, akaifunga tena, kwa sababu alilotaka kusema halikuwamo.

"Enyi majirani," akanena, "neno hili bandarini nililikuta mara mbili tu katika miaka thelathini na moja. Wazungu wenyewe hawalimwagi ovyo. Mtu akikuona umeanguka akasema pole, akapita zake, huyo ana adabu, nao wana neno lake. Akikuona akatokwa na machozi, huyo ana moyo laini, wana neno lake pia. Akikutupia kitu ili uondoke mlangoni pake, huyo ana haraka. Lakini hili la fomu ni la mtu ambaye maumivu yako yamemwingia hata akainuka pale alipokuwa ameketi, akafanya jambo, na jambo lenyewe likamgharimu. Pole ni neno la njiani. Hili ni neno la mlangoni. Sasa niambieni, Mama Esther aliinuka lini?"

"Anainuka kila siku saa kumi alfajiri," akasema Shadia.

"Kufuata dagaa."

"Mimi nilipofiwa na shangazi alikuja kuniambia pole," akasema Bonifasi.

"Alikuambia pole," akajibu Mzee, "kisha akakuuliza kama marehemu ameacha ile sufuria kubwa."

Bonifasi akakuna kichwa, kwa kuwa ilikuwa kweli. Melania naye hakubisha, kwa kuwa sufuria ile ilikuwa kubwa kweli.

"Kwetu tunaita impuhwe," Petero akasema taratibu, akitazama ncha ya kiatu chake. "Bibi yangu alisema haikai mdomoni, inakaa tumboni. Njaa ya mwenzako inakulia wewe tumboni."

"Umesema vema, kijana," Mzee akanena. "Kama yupo aliyewahi kusikia tumbo la Mama Esther likilia kwa ajili ya mtu mwingine, aje aniite. Nipo hadi saa nane." Akaingia ndani.

Melania akabaki amesimama. Akarudi nyuma katika maisha yake yote akitafuta jambo moja la kujaza mistari minne, kama mtu apekuaye mifuko kituoni. Akakumbuka mlevi mmoja aliyemfungulia mlango wakati wa mvua. Akakumbuka pia kwamba alimfungulia ili amwambie aondoke. Akakumbuka mtoto wa watu aliyempa andazi. Andazi lilikuwa la jana. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kugombana na ulimwengu, Karai la Moto akaona baridi. Huenda mzee yule, Mungu amsamehe, alikuwa anasema kweli, na wale wazee wa Bangwe walistahili mtu mwingine.

"Shoga, usikunje uso," Shadia akamnong'oneza. "Kama anataka kuona kwa macho, tumwoneshe. Tutaazima mgonjwa."

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mkakati wa Mgonjwa wa Kuazima, ambao hauna mfano katika vita vya kale wala vya sasa. Petero Nduwayo, kwa ahadi ya kusukiwa binti zake wawili bure kabla ya kipaimara, akakubali kuzimia kwa njaa mbele ya nyumba ya Melania saa tano kamili, pale ambapo dirisha la Mzee linatazama. Kazi ya Melania ilikuwa kutoka mbio, kupiga magoti, kumnywesha maji na kutokwa na chozi moja, mawili yakipatikana.

Saa tano ikagonga. Petero akaja akiyumba, mkono kifuani. Akafika mahali penyewe. Akatazama vumbi, akatazama suruali yake, iliyopigwa pasi hata mkunjo wake ungeweza kukata nyanya. Akasita. Kisha akachukua kipande cha boksi kilichoegemea ukutani, akakitandika chini, akakipapasa kuondoa mchanga, akazimia juu yake kwa uangalifu mkubwa.

"Ninakufa," akasema.

Melania akatoka na kikombe cha maji. Akapiga magoti kama alivyofundishwa. Akamtazama Petero usoni, na Petero akamtazama, na chozi likakataa kabisa. Likaja neno lisiloalikwa.

"Hivi kweli, Petero," akasema, "mtu mzima na watoto wake, unalala barabarani saa tano? Mkeo akipita hapa utamwambia nini? Inuka, utavunja na hilo boksi la watu."

Dirisha la Mzee likafunguka.

"Petero," sauti ikatoka, "mimi nimewahi kuona watu wakizimia. Wanaozimia hawatandiki."

Majeshi yakarudi nyuma kwa aibu. Petero akakung'uta suruali, akakirudisha kipande cha boksi ukutani kama alivyokikuta, akauliza kwa unyenyekevu kama ahadi ya nywele bado ipo au haipo. Shadia akaenda kibarazani kwake kupanga mkakati wa pili, uliohusu bibi kizee wa kukodi. Melania akamwambia aache.

Sasa akili za watu wengine, zikishindwa, huenda kulala. Za Melania zilikwenda kufanya kazi. Maharage yalikuwa motoni tangu asubuhi. Muhogo ulikuwa haujaanikwa. Akachukua ungo wa muhogo uliomenywa, akaweka ngazi ukutani, akapanda juu ya bati kuuanika, akimlaani kila aliyewahi kubuni fomu. Shadia akaja akashika ngazi kwa chini, kwani upweke ulimshinda.

Na huko juu, kama jemadari juu ya kilima, Melania akauona kwa mara ya kwanza ua wa adui yake kwa ndani.

Ni lazima ijulikane hapa kwamba Bi Mwamini alikuwa Kasulu siku ya nane, kumlea binti yao aliyejifungua. Na kwa siku hizo zote nane uchochoro mzima ulikuwa na kesi dhidi ya Mzee. Kila ifikapo saa sita na nusu, saa ambayo kila nyumba hula mlango ukiwa wazi na kumwita karibu kila apitaye, hata kama anaombewa kimoyomoyo akatae, Mzee Mwinshehe aliingia ndani na kufunga mlango. Baada ya robo saa alitoka, akaketi kibarazani na kijiti mdomoni, akichokoa meno polepole, huku akitazama mbali kama mtu aliyemaliza paja la mbuzi. Watu wakaamua: mkewe ameondoka, naye anakula nyama peke yake. Shadia alikuwa amekwisha kuifikisha habari hiyo hadi Mwanga, pamoja na uzito wa nyama.

Melania akatazama. Akayaona mafiga matatu ya jiko la Mzee. Katikati ya mafiga, juu ya majivu, kuku mweusi alikuwa ameketi, mbawa zimetanuka, macho nusu, akiatamia. Sasa kuku hatagi mayai mengi na kuanza kuyalalia katika jiko linalowaka. Akatazama tena. Juu ya paa la choo, ghala la mtu afichaye ushahidi, ilikuwapo sufuria, nyeusi ndani kuliko nje, wali uliokuwa mkaa umeshika chini kama lami. Na kupitia dirisha la nyuma akamwona Mzee mwenyewe, balozi wa nyumba kumi, Mwenye Kalamu Mbili, akichovya kipande cha mkate mkavu katika chai ya rangi. Akakila. Akakusanya makombo kwa kidole, akayala. Kisha akaondoa njiti moja katika kiberiti, akaichonga ncha kwa kisu, akaiweka mdomoni, akanyoosha mgongo, akaenda kuufungua mlango.

Melania nusura aanguke kwa kucheka. Akajiziba mdomo kwa kiganja chenye unga. Mzee hajui kupika. Na kwenye kibanda cha chakula hawezi kwenda, kwani ni yeye aliyesimama mwaka juzi mbele ya vijana wote, akawahutubia kwamba mwanamume mwenye jiko nyumbani akionekana anakula kibandani amekwisha kuhama kwake. Hotuba ilidumu saa nzima. Sasa hotuba ilikuwa imekaa juu ya tumbo lake.

"Unaona nini huko juu umenyamaza?" Shadia akauliza kwa chini.

Hapo, enyi mlioketi, ndipo palipokuwa na ncha ya mkuki. Kwa maana Melania alihitaji kusema maneno matano tu, na Shadia angeyachukua, na kabla ya sala ya alasiri kuanzia Ujiji hadi Bangwe kungekuwa na watu wameshika mbavu. Au asingesema hata hayo. Angekwenda uani, angesema kimya kimya, Mzee, kuku wako hajambo jikoni? Na sahihi ingeshuka kama mvua. Fomu ilikuwa ndani ya blauzi yake. Saa ilikuwa saba kasoro robo. Watoto watatu walikuwa wanakuja kutoka shule.

Akamwangalia tena mzee yule, sasa amefika kibarazani, anachokoa nyama isiyokuwapo. Na kicheko kikamkwama kooni kama mfupa, akakimeza, kikashuka pabaya.

"Naona muhogo," akamjibu Shadia. "Shika ngazi."

Akashuka. Akaingia jikoni. Akasonga ugali wa muhogo, mlaini na mweupe, akaugeuza mara tatu. Akamimina mawese mekundu juu ya maharage hata yakang'aa kama kanzu ya askofu. Akapakua ya watoto kwanza, akaweka kando, kisha yaliyobaki yote, pamoja na sehemu yake, akayapanga katika hotpoti, akaifunika kwa kawa. Na muda wote huo akili yake ilikuwa inapima, kwani aliona shida yote ilipo. Akimpelekea chakula kimya kimya, ni rushwa, naye Mzee ataikataa. Akimpelekea kwa huruma, watu watauliza kwa nini, na jibu lake litamvua Mzee nguo mchana. Palikuwa na njia moja tu iliyobaki, nayo ilikuwa mbaya, na ilipita juu ya fomu yake.

Akatoka. Akavuka uchochoro katikati, hotpoti kichwani, akasimama mbele ya kibaraza cha adui, akapaza sauti ile iliyouza dagaa miaka kumi na minne.

"Mzee Mwinshehe, shikamoo. Nimekuja kuomba radhi mbele ya watu."

Vichwa vikatoka madirishani. Bonifasi akaacha kupima mkaa.

"Marahaba," akasema Mzee kwa tahadhari. "Radhi ya nini?"

"Bi Mwamini alipoondoka aliniachia unga na maharage. Akaniambia, Mama Esther, mzee wangu asishike mwiko, kila mchana mpikie umpelekee. Mimi nikaitikia. Lakini kwa kinyongo cha yale maneno ya kanzu, nikavila na wanangu. Leo siku ya nane. Nimeona haya. Cha leo hiki hapa."

Kule bombani ndoo ya mtu ikafurika bila kuondolewa. Kisha uchochoro ukafunguka mdomo wote kwa pamoja.

"Siku nane," akasema Bonifasi. "Mzee wa watu. Na bado asubuhi Mama Esther alikuwa anataka neno la Kizungu."

"Ndiyo maana amekula nyama za kununua, maskini," akasema mama mmoja wa bombani. "Na sisi tunamsema."

"Shoga," Shadia akanong'ona, mikono kichwani, "kama ulikuwa na dhambi ya kuungama, ungeungama kesho. Leo ndiyo siku ya fomu."

Melania alisimama wima, chakula kichwani, jasho likimshuka shavuni, akiipokea mishale ya uchochoro mmoja mmoja. Na jambo la ajabu ni kwamba haikumuuma kama alivyodhani. Kilichomuuma ni kwamba mzee yule alikuwa anachelewa kupokea, na ugali wa muhogo hausubiri.

Mzee Mwinshehe alijua, kama alivyojua hesabu ya magunia, kwamba Bi Mwamini asingemwachia Melania hata punje ya mchele. Akaitazama hotpoti. Akamtazama mwanamke. Akayatazama macho yake, nayo yakaruka upesi kuelekea jikoni kwake na kurudi. Na hapo Mzee akatambua kuwa ameonekana, yeye na kuku wake, na sufuria yake, na chai yake, na njiti yake ya kiberiti. Akatambua pia kwamba mlango wa kutokea umekwisha kufunguliwa kwa ajili yake, na aliyeufungua ameuegemeza kwa mgongo wake mwenyewe. Alipaswa kusema tu, nimekusamehe, akale. Heshima yake ingebaki nzima kama yai.

Mara tumbo la Mzee likalia. Halikulia kwa siri. Lilinguruma kama meli inayoaga gati, na watu wote wakalisikia, hata Bonifasi.

Akakitoa kijiti mdomoni, akakitupa.

"Nyamazeni," akanena. "Mama Esther amesema uongo."

"Mzee, acha tu," Melania akasema haraka.

"Siachi. Mimi ni balozi. Mke wangu hakumwachia kitu. Mimi, Mwinshehe, tangu Alhamisi iliyopita ninakula mkate na chai ya rangi. Nilijaribu wali, ukaungua, sufuria nikaitupa juu ya choo. Nyama mliyoisema sijaiona, ingawa nasikia ilikuwa kilo mbili." Hapo akamtazama Shadia, na Mnara wa Habari ukainama. "Nilichokuwa ninachokoa ni meno yangu matupu. Mama huyu ameniona. Sijui ameniona vipi, na sitauliza. Angeweza kunitangaza. Angeweza kunishika kwa hilo nimpe sahihi, na Mungu anajua ningetoa mbili. Badala yake amejipaka masizi mbele yenu ili mimi nibaki mweupe. Nimeandika mizigo miaka thelathini na moja. Naujua mzigo mtu akiubeba. Leteni fomu."

Melania akaitoa fomu kwenye blauzi, imelowa pembe moja kwa jasho. Mzee akaitandaza juu ya kamusi. Akachomoa kalamu ya buluu. Uchochoro wote ukabana pumzi, kuku wakanyamaza, hata yule mbuzi wa zamani wa Bonifasi, ambaye sasa ni wa watu wengine, inasemekana huko aliko alisimama kidogo. Kalamu ikashuka, ikasafiri mstari wa kwanza, ikageuka, ikasafiri wa pili.

"Umeandika nini, Mzee?" akauliza Petero, ambaye tayari alikuwa ameketi juu ya pikipiki, injini inawaka, kofia kichwani.

"Nimeandika: Ndiyo. Nilikuwa na njaa na sikutaka ijulikane. Akanilisha, akajisingizia kosa ili mimi nisiaibike. Nimeona kwa macho yangu." Akapuliza wino. "Mistari miwili imebaki. Sikuwa na la kuongeza."

Saa ilikuwa saba na dakika thelathini na tano. Petero akaiweka fomu ndani ya shati, akalifunga vifungo hadi kidevuni, akaondoka kwa kishindo ambacho wapanda farasi wa zama zote wangekionea wivu, suruali ikipeperuka, vumbi likimfuata kama jeshi la pili. Na safari hii vumbi hilo hakulijali.

Wakangoja. Hakuna aliyekula. Mzee alikuwa na hotpoti magotini, ameikumbatia, lakini akaapa kuwa hataifunua mpaka jibu lije. Na tumbo lake likawa linapinga kiapo hicho kila baada ya dakika mbili. Shadia alikaa pembeni, mtu aliyepatwa na msiba, akihesabu kwa vidole: siku nane, nyumba ya pili kutoka kwake, mzee mzima analala na njaa, na yeye hakujua. Katika maisha yake yote ya habari hakuwahi kushindwa hivyo.

Simu ya Melania ikalia. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

"Wameipokea, Mama Esther," sauti ya Petero ikasema, na nyuma yake mawimbi ya Bangwe yakisikika. "Yule mama wa ofisini amesoma kipengele cha saba, akavua miwani, akakisoma tena. Halafu ameniuliza kama kuanza Jumatatu ni mapema mno kwako. Nimesema sijui, ngoja nikuulize."

"Mwambie," Melania akasema, na sauti ile ya sokoni ikamkatika katikati, "mwambie hata Jumapili."

Na ijulikane kwa vizazi vyote vitakavyokuja kuchota maji kwenye bomba lile kwamba hivyo ndivyo Melania binti Adolf, Mwangamizi wa Kipengele cha Saba, alivyoliteka neno ambalo wenyewe hawalimwagi. Siku ile ikaingia katika hesabu za uchochoro. Hata sasa mtu wa Katubuka akikuambia mtoto wake amezaliwa mwezi mmoja baada ya Fomu, usiulize fomu gani, utaonekana mgeni. Wanawake wakapiga vigelegele, Bonifasi akaomba radhi kwa sauti ya chini, akaongeza debe la mkaa, na Shadia, kwa kuwa mauti peke yake ndiyo yangeweza kumzuia, akawa amekwisha kupiga simu tatu.

Watu wakaanza kutawanyika. Melania naye akajifunga kanga upya, akamwomba Mzee hotpoti airudishe baadaye, bila haraka, akageuka kwenda zake.

"Mama Esther," akaita Mzee, na harufu ya mawese ikamfikia kabla ya sauti, kwa kuwa kawa lilikuwa limekwisha kuondoka. "Unakwenda wapi? Nawa mikono, uingie tule."

"Ahsante, Mzee. Nimeshiba."

"Sikuuliza kama umeshiba. Nimesema ingia, ugali unapoa."